Kuwinda dume la kulungu aliyekomaa kwa upinde, ukiwa dunguni: mwongozo kamili

Wengi hukaa dunguni msimu mzima wakiona majike, watoto na madume wa mwaka mmoja na nusu. Dume mzee humwona tu kwenye picha za kamera waliyoifunga mtini, tena saa nane za usiku. Wakishindwa mwaka wa kwanza hununua upinde ghali zaidi, na mwaka wa pili hushindwa vilevile. Upinde haukuwa tatizo. Dume wa miaka minne na kuendelea ameshapona misimu kadhaa ya mishale na risasi, na mara nyingi hugundua kuwa kuna mtu kabla mtu huyo hajafika mtini: amesikia hatua zake njiani, au ameipata harufu yake.

Mwongozo huu ni wa kulungu mkia-mweupe wa Marekani, katika majimbo kama Ohio, Kentucky, Iowa na Minnesota, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wamehamia na sasa wanaingia porini kwa mara ya kwanza. Usiuhamishie nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa zito.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Upinde wa kapi wenye mvuto wa ratili 50 hadi 60. Majimbo mengi yana kima cha chini, na ratili 40 ndizo zinazotajwa mara nyingi. Kama huwezi kuuvuta polepole ukiwa umeketi, bila kuuelekeza juu angani, umekuzidi nguvu. Upunguze.
- Mishale sita, kila mmoja ukiwa na uzito wa greni (kipimo kidogo cha kupimia mishale) 400 hadi 450 pamoja na kigumba. Ugumu wa uti wa mshale ulingane na jedwali la mtengenezaji kwa mvuto wa upinde wako na urefu wa mshale.
- Vigumba vya makali vya greni 100 au 125. Vitatu ni vya kuwindia, vikali kama wembe mpya, na kimoja ni cha mazoezi.
- Dungu la chuma au alumini pamoja na vipande vya ngazi. Anayeanza atumie dungu la ngazi ndefu, kwa sababu ni imara zaidi na hupandwa kwa urahisi.
- Hanesi ya mwili mzima, yaani mikanda ya kukushika usianguke, mkanda wa kuzungushia mti wakati wa kufunga dungu, na kamba ya usalama inayoanzia chini ya mti hadi juu ya kichwa chako, yenye fundo la Prusik, linalosogea ukilisukuma kwa mkono na kukaza ukianguka.
- Kamba ya futi 30 ya kupandishia upinde.
- Kipima umbali cha leza, darubini, tochi ya kichwani, na chupa ya unga laini wa kupimia upepo.
- Kisu kikali, glavu za mpira, kamba ya kuburutia, karatasi ya chooni ya kuwekea alama za damu, na simu iliyojaa chaji.

Dawa za kuondoa harufu nimeziacha kwa makusudi. Zinapunguza kidogo tu, na zinampa mtu ujasiri wa kukaa pale ambapo upepo unamsaliti.

## Hatua ya 1: Leseni, tagi na ruhusa

Karibu kila jimbo hudai cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kukuuzia leseni, na baadhi hudai pia kozi ya upinde. Leseni peke yake haitoshi. Unahitaji tagi ya kulungu, yaani kibali cha mnyama mmoja, na katika majimbo mengi tagi ya dume ni moja kwa mwaka.

Kwa shamba la mtu, pata ruhusa ya maandishi. Kwa ardhi ya umma, soma kanuni za eneo lenyewe: mengi hukataza kutoboa miti kwa skrubu, na mengine hukataza kuacha dungu usiku. Msimu wa bunduki ukiingiliana na wako, huenda sheria ikakulazimu kuvaa rangi ya chungwa kali hata kama umebeba upinde.

## Hatua ya 2: Upinde ukutii

Pima urefu wa mvuto. Nyoosha mikono pembeni, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine kwa inchi, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata mvuto wa inchi 28. Mvuto mrefu kupita kiasi husababisha ugwe kugonga mkono na mishale kutawanyika, na mtu akadhani jicho lake ni bovu.

Fanya mazoezi kwa vigumba utakavyowindia, si kwa ncha za mazoezi peke yake. Makali hushika hewa na kufichua kila kasoro. Vigumba vikipiga kushoto kwa ncha za kawaida, sogeza kishikilia mshale kulia kidogo sana, chini ya milimita moja kila mara, mpaka makundi mawili yakutane.

Kisha panda. Lenga kutoka juu ukiwa umevaa hanesi na koti la baridi, ukikunja mwili kiunoni badala ya kushusha mkono tu. Ukishusha mkono, mkao wote hubadilika na mshale huenda juu.

Umbali wako halali ni ule ambao mshale wa kwanza wa siku, misuli ikiwa bado baridi, unaingia ndani ya duara la sentimita 15 kila mara. Kwa wengi hiyo ni yadi 20 hadi 25, na inatosha.

## Hatua ya 3: Tafuta anakolala

Wakati mzuri wa kuchunguza ni Februari na Machi. Majani yameanguka, njia za wanyama zinaonekana, na hata ukimshtua ana miezi ya kusahau. Anayechunguza Oktoba anamfukuza mnyama anayemtafuta.

Anza na ramani ya satelaiti. Tafuta mahali ambapo ardhi inawabana wanyama wapite njia moja: msitu mwembamba unaounganisha misitu miwili, kona ya shamba iliyoingia ndani ya miti, kivuko cha kijito, au mbonyeo kati ya vilele viwili vya mgongo wa kilima. Kisha nenda ukathibitishe kwa miguu.

Alama za dume mkubwa ni hizi. Miti minene kama mguu wa mtu iliyochubuliwa kwa pembe. Vichaka vyembamba huchubuliwa na kila dume, kwa hiyo havisemi kitu. Mikwaruzo ya ardhini chini ya tawi lililotafunwa, hasa inayofufuliwa mahali palepale kila mwaka. Na malalo ya mnyama mmoja mkubwa, mbali na kundi la majike.

Kwenye vilima, tazama kwanza upande uliokingwa na upepo, karibu theluthi moja chini ya kilele. Dume hulala hapo kwa sababu upepo unamletea harufu za nyuma kutoka juu, macho yanaangalia bondeni, na hewa ya mchana inayopanda inamletea harufu za chini.

Dungu lako halikai malaloni kwake. Linakaa kati ya malalo na chakula, iwe ni mahindi, soya au mialoni inayodondosha mbegu, karibu na malalo kiasi kwamba anafika wakati bado kuna mwanga. Kama kamera zinamwonyesha usiku tu kwenye ukingo wa shamba, uko mbali mno naye. Sogea ndani, mita mia moja au zaidi, ukielekea anakotoka.

## Hatua ya 4: Chagua mti kwa upepo na kwa njia

Hapa ndipo msimu unaposhinda au kushindwa, na ndipo watu wanapopita haraka.

Harufu yako hutoka mtini, hupanuka kadiri inavyokwenda mbali, na hushuka chini. Kila mtu anajua asikae mahali ambapo upepo unatoka kwake kwenda kwa mnyama. Wasichokijua wengi ni upande wa pili wa jambo hilo: dume mzee naye anachagua siku na njia kwa upepo uleule. Upepo ulio salama kabisa kwako, unaotoka kwake moja kwa moja kuja kwako, maana yake ni kwamba yeye anatembea bila kunusa kilicho mbele. Hapendi hivyo, na mara nyingi hatakuja.

Kwa hiyo tafuta upepo wa ubavu. Njia yake impe imani kwamba pua inamlinda, lakini harufu yako ipite pembeni, mita 20 au 30 nje ya anapokanyaga. Ni nafasi nyembamba, na kigeugeu kidogo cha upepo kinaiharibu, ila ndiyo inayomleta. Kwa sababu hiyo andaa miti miwili au mitatu, kila mmoja kwa upepo wake. Upepo wa mti ukikataa, usiukae mti huo hata kama ndiyo siku yako pekee ya mapumziko.

Ardhi yenye vilima ina upepo wa pili. Jua likishapanda na kupasha joto miteremko, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hewa hutiririka chini kama maji hadi bondeni. Asubuhi kaa juu ya njia yake. Jioni kaa chini yake, ikiwezekana karibu na kijito kitakachobeba harufu mbali. Bonde lenye kuta pande zote liepuke siku tulivu, kwa kuwa hewa huzunguka humo na hakuna upande salama.

Sasa njia. Jiulize: nitafikaje bila kuvuka anapolala, anapokula, wala anapopita jioni hii? Kitanda cha kijito, mtaro, au ukingo wa mahindi ambayo bado hayajavunwa ni barabara nzuri. Asubuhi kulungu wako mashambani wanakula, kwa hiyo usikatize shamba na tochi. Zunguka nyuma, ufike angalau saa moja kabla ya mwanga. Jioni tatizo ni kutoka: giza limeingia na majike kumi wako chini yako. Usishuke mbele yao. Mwombe mwenye shamba apitishe gari au trekta ukingoni. Watakimbia gari walilolizoea, na mti wako utabaki bila lawama.

Utajua umechagua vizuri pale majike wanapopita, wanakula na kuondoka bila hata mmoja kupiga kwato chini au kukoroma. Jike akikoroma mara mbili kwenye mti huohuo, mti una kasoro. Hama.

## Hatua ya 5: Funga dungu usianguke

Chagua mti hai, ulionyooka, wenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 45, na wenye matawi au mashina ya kukuficha nyuma. Mti mkavu usiupande kamwe. Angalia hasa miti ya eshi, ambayo imeuawa kwa mamilioni na mdudu wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002; shina huonekana zima kumbe limekuwa la kuvunjika.

Urefu wa futi 18 hadi 20 unatosha. Juu zaidi, pembe ya mshale inakuwa kali na mapafu mawili yanakuwa magumu kupatikana kwa mshale mmoja. Mti uwe yadi 15 hadi 20 kutoka njia ya wanyama, usiwe juu yake moja kwa moja.

1. Fanya kazi hii kiangazi, mchana, mkiwa wawili.
2. Panda ukiwa umejifunga kwa mkanda wa kuzungushia mti tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi.
3. Hakikisha viungo vitatu vimeshika ngazi kila wakati: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja.
4. Weka jukwaa chini kidogo ya kipande cha mwisho cha ngazi, ili uingie kwa kushuka. Watu wengi huanguka wakati wa kuvuka kutoka ngazini kwenda dunguni, na kuingia kwa kupanda ndiko kubaya zaidi.
5. Funga kamba ya hanesi juu ya kichwa. Ukiketi, isiwe na ulegevu. Ulegevu wa mita moja ni mwanguko wa mita moja, na utajikuta unaning'inia chini ya jukwaa usiloweza kulifikia.
6. Upinde upandishe kwa kamba baada ya kujifunga, mishale ikiwa ndani ya podo lililofunikwa.

Ukianguka na kuning'inia, tia mguu kwenye mkanda wa kujisaidia uliomo kwenye hanesi na uendelee kusogeza miguu. Mikanda ya mapajani huzuia damu na ndani ya dakika chache mtu anaweza kuzimia. Simu iwe kifuani, si ndani ya begi lililo juu. Mwambie mtu mti uko wapi na utarudi saa ngapi.

Ondoa mikanda ya dungu msimu ukiisha. Jua huidhoofisha, panya-miti huitafuna, na mti unaonenepa huikata. Hanesi yenye tarehe iliyopita, au iliyowahi kuzuia mwanguko, itupe.

Kata njia mbili au tatu tu za mshale. Ukifyeka zaidi, unajianika.

## Hatua ya 6: Chagua siku

Mkao wa kwanza kwenye mti ndio bora, kwa kuwa kila ukirudi unaacha harufu mpya. Usiutumie Jumamosi ya joto mwanzoni mwa Oktoba. Ngoja siku joto linaposhuka ghafla mwishoni mwa Oktoba, dume anapoanza kutoka malaloni mapema.

Kuanzia takriban tarehe 1 hadi 15 Novemba, katika majimbo hayo, madume wanatafuta majike na wanatembea hata saa sita mchana. Beba chakula na ukae kutwa. Wakati huo hamia kwenye mibano iliyo kati ya malalo ya majike, hasa upande ambao upepo unatokea malaloni kuelekea kwako. Dume hupita hapo akinusa malalo yote bila kuingia.

## Hatua ya 7: Mtambue, kisha vuta

Usihesabu pembe, tazama mwili. Dume wa mwaka mmoja na nusu ni kama jike aliyewekewa pembe. Wa miwili na nusu ana miguu mirefu na tumbo jembamba. Aliyekomaa ana kifua kizito kinachofanya miguu ionekane mifupi, shingo iliyoungana na mabega, tumbo lililolegea, na madoa meusi ya mkojo kwenye viungo vya miguu ya nyuma. Ukilazimika kujiuliza kwa muda mrefu, huyo ni mdogo.

Pima umbali wa miti inayokuzunguka mapema, unapoketi tu. Simama wakati bado yuko mbali. Vuta ugwe kichwa chake kikiwa nyuma ya shina. Akifika kwenye uwazi, msimamishe kwa mlio laini wa mdomo, "maa", huku pini ya kulengea ikiwa tayari imetulia.

## Hatua ya 8: Achia mshale

Achia akiwa amekupa ubavu kamili, au ameelekea mbali kidogo. Akikuelekea uso kwa uso, akiwa chini yako kabisa, au akiwa ameinua kichwa kwa wasiwasi, mwache.

Lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Usiwaze mahali unapoingilia mshale bali unapotokea: uelekee mguu wa mbele wa upande wa pili. Kutoka futi 20 juu, umbali wa ardhini wa yadi 20 na ule wa jicho hutofautiana kwa yadi moja hivi, kwa hiyo usibuni hesabu yoyote.

Kwa yadi 30, mshale wenye kasi ya futi 270 kwa sekunde huchukua theluthi moja ya sekunde, na sauti ya upinde inamfikia mapema zaidi. Kulungu aliye macho hukunja miguu ili aruke, akashuka sentimita 10 au zaidi, na mshale ukapita juu ya mapafu. Ndiyo maana ya kulenga chini na kungoja atulie.

Msomaji Mwislamu ataje jina la Mwenyezi Mungu anapoachia. Sharti ni mshale utoboe kwa makali. Akimkuta bado yu hai na anaweza kumchinja, amchinje. Akimkuta amezama majini asimle, kwa sababu haijulikani kilichomuua ni mshale au maji.

## Hatua ya 9: Usishuke

Haraka ya hapa imepoteza wanyama wengi kuliko kulenga vibaya. Kumbuka mti wa mwisho aliopita, sikiliza, angalia saa. Ngoja nusu saa, kisha shuka kimya ukausome mshale.

- Damu nyekundu angavu yenye mapovu: mapafu. Mfuate baada ya nusu saa. Kwa kawaida yuko ndani ya mita 150.
- Damu nyekundu nzito, karibu na nyeusi: ini. Ondoka, rudi baada ya muda wa saa nne.
- Uchafu wa kijani au kahawia wenye harufu mbaya: utumbo. Ondoka kimya kwa njia uliyojia, rudi baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Atalala karibu ukimwacha. Ukimfuata anaweza kukimbia mbali bila kuacha damu.

Tembea kando ya damu, usiikanyage, ukiacha kipande cha karatasi kila doa. Damu ikikatika, rudi kwenye doa la mwisho na uzunguke kwa miduara midogo. Majimbo mengi huruhusu mbwa wa kufuatilia aliyefungwa kamba. Mwite kabla hujakanyaga eneo zima.

Ukimfikia, mguse jicho kwa kijiti kirefu ukiwa nyuma yake, ujue kama amekufa. Dume aliyejeruhiwa anaua kwa pembe.

## Hatua ya 10: Tagi na nyama

Jaza tagi kabla ya kumsogeza, na uripoti mnyama kwa njia na muda uliowekwa na jimbo. Vaa glavu, pasua tumbo bila kutoboa utumbo wala kibofu, toa vyote vya ndani na umwegeshe kifua wazi ili joto litoke. Kukiwa na joto la nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi, tia mifuko ya barafu ndani ya kifua mara moja na umfikishe kwenye jokofu siku hiyohiyo.

Uliza kama eneo lako lina ugonjwa wa kukonda wa kulungu, CWD. Hauna tiba, na kupika hakuuondoi. Usikate ubongo, uti wa mgongo, bandama wala tezi, na usivushe mzoga mzima kwenda jimbo jingine bila kusoma kanuni zake. Peleka sampuli ya tezi za shingo ikapimwe, na nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yatoke. Majibu yakionyesha ugonjwa, usiile nyama hiyo. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo wakuelekeze pa kuitupa.